Ubatizo na kuoshwa dhambi: njia tatu kwa anayesitasita kando ya maji

Mtu anasoma Matendo 22:16, "Simama, ubatizwe ukaoshe dhambi zako, ukiliitia jina lake," anafunga Biblia na kuuliza swali lililonyooka: kwa hiyo nikiingia majini, dhambi zangu zinaondoka? Padre atamjibu ndiyo. Mchungaji wa Kipentekoste atamwambia zimeshaondoka siku ile alipotubu. Mpresbiteri atampa jibu refu lenye "lakini" mbili ndani yake. Wote watatu wameisoma Biblia ileile, na wote watatu wana aya za kutosha.

Wanaoniuliza jambo hili ni wa aina nne. Kuna mtu mzima ambaye hajabatizwa na anataka. Kuna mzazi mwenye mtoto mchanga. Kuna aliyebatizwa utotoni ambaye sasa anaambiwa ule haukuwa ubatizo. Na kuna mgonjwa aliyesikia kwamba maji yatamponya. Wa mwisho huyu nimemtengea sehemu yake, maana kwake kukosea kuna gharama kubwa zaidi.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Maji yanafanya nini na dhambi? Uponyaji una nafasi gani? Nani anabatizwa, na kwa maji kiasi gani? Na nikianguka baada ya ubatizo, inakuwaje? Hili la mwisho watu husahau kuliuliza wakati wa maandalizi, na ndilo linalowarudia kabla hata mwezi haujaisha.

Kwanza niondoe dhana moja. Hakuna kati ya hizi tatu inayofundisha kwamba maji yenyewe yana nguvu ya kufuta uovu. Petro ameyasema yote mawili kwa pumzi moja katika 1 Petro 3:21: ubatizo unaokoa, na wala si kuondoa uchafu wa mwili. Wanachobishania ni namna Mungu anavyolifunga tendo lake na maji yale, na saa anayolitenda.

Njia ya kwanza: ubatizo kama chombo cha neema

Hapa wapo Wakatoliki, Waorthodoksi, Walutheri na Waanglikana wengi.

Kuhusu dhambi. Ubatizo unatenda. Wakatoliki wanafundisha kwamba unaondoa dhambi ya asili (ile tuliyorithi kwa Adamu), dhambi zote ambazo mtu ametenda mwenyewe, na adhabu zake. Neno "zote" lichukulie kwa uzito wake: mtu mzima anayebatizwa kesha la Pasaka haanzi kwa kuungama kwa padre. Fedha alizoiba, mimba aliyoikana, kiapo cha uongo, vyote vinazikwa majini bila kutajwa kimoja kimoja. (Kurudisha alichoiba ni suala jingine. Deni la jirani halioshwi.) Kinachobaki ni ule mvuto wa kutenda dhambi, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu chake cha mafundisho, inakiri wazi kwamba hauondoki.

Waorthodoksi wanakaza penginepo. Kwao tulichorithi kwa Adamu ni kifo na udhaifu kuliko hatia yake, kwa hiyo wanauona ubatizo kama uzima mpya kuliko kufutiwa mashtaka. Martin Luther naye, ambaye Walutheri wanafuata mafundisho yake, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alisema ubatizo huleta ondoleo la dhambi, huokoa katika mauti na Ibilisi, na huwapa wokovu wa milele wote waaminio. Kisha akauliza kile ambacho kila mtu angeuliza: maji yanawezaje? Jibu lake ni kwamba maji hayawezi. Linaloweza ni Neno la Mungu lililo pamoja na maji, na imani inayolishika Neno hilo.

Kuhusu uponyaji. Kuna jambo ambalo hata Wakatoliki wengi hawalijui. Kanisa lao lina sakramenti mbili linazoziita za uponyaji, na ubatizo haumo. Ni Kitubio na Mpako wa Wagonjwa. Ubatizo umewekwa pamoja na Kipaimara na Ekaristi, sakramenti za kumwingiza mtu katika Ukristo. Waorthodoksi wana lugha ya kitabibu zaidi: sala yao ya kubariki maji ya ubatizo huomba yawe ondoleo la dhambi na dawa ya magonjwa, na kabla ya hapo mbatizwa hugeukia magharibi, humkana Shetani na kumtemea mate. Hata hivyo ile ni sala. Hakuna ahadi kwamba aliyeingia na homa atatoka bila homa.

Nani, na maji gani. Watoto wachanga na watu wazima. Kwa kawaida Wakatoliki humimina maji mara tatu kichwani, ingawa kuzamisha kunaruhusiwa. Waorthodoksi huzamisha mara tatu, hata mtoto, kisha humpaka krisma (mafuta matakatifu) na kumkomunisha palepale. Mtu mzima Mkatoliki hupitia ukatekumeni, kipindi cha mafundisho kabla ya ubatizo, na haumalizwi kwa wiki mbili. Kwenye hatari ya kifo, utaratibu wote huo huwekwa kando: kwa Wakatoliki mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiyebatizwa mwenyewe, mradi akusudie kutenda lile ambalo Kanisa hulitenda, amimine maji na kutamka jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu.

Ukianguka. Hubatizwi tena. Mkatoliki na Mworthodoksi huenda kuungama kwa padre. Kwa Mlutheri, toba ni kurudi kwenye ubatizo uleule: mtu wa kale ndani yako, yaani asili yako ya dhambi, azamishwe kila siku. Anayejua jinsi mtu wa kale anavyojua kuogelea ataelewa kwa nini Luther alisema kila siku.

Inamfaa nani. Mtu ambaye dhamiri yake haitulii mpaka apate kitu nje ya hisia zake: tarehe, mashahidi, jina kwenye kitabu cha ubatizo. Ugumu wake nao haufichiki. Simoni mchawi alibatizwa, na muda si mrefu Petro akamwona yumo katika uchungu kama nyongo (Matendo 8). Wanaoshika njia hii hujibu kwamba neema inaweza kupokewa na isizae, lakini ukiwa mtu wa kudai matunda papo kwa papo, jibu hilo litakusumbua.

Njia ya pili: ishara na muhuri wa agano

Hii ni ya Wapresbiteri na makanisa mengine yaliyofuata mafundisho ya Calvin. Waanglikana wengine nao utawakuta huku. Jambo hili liliwahi kuwafikisha mbele ya mahakama ya juu huko Uingereza mwaka 1850, na kasisi aliyekataa kwamba kila mtoto abatizwaye anazaliwa upya papo hapo akashinda.

Kuhusu dhambi. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563 inauliza bila kuzunguka kama kuoshwa kwa nje kwa maji ndiko kuoshwa dhambi. Inajibu hapana: ni damu ya Yesu Kristo na Roho Mtakatifu tu. Usiharakishe basi kusema kwao ubatizo ni ishara tupu. Fikiria hati ya shamba. Mhuri haukununua shamba. Bei imelipwa kwingine. Lakini hati isiyo na mhuri hakuna anayeihangaikia, na yenye mhuri unaishika kwa mikono miwili. Ungamo la Imani la Westminster, la miaka ya 1640, linaongeza kwamba nguvu ya ubatizo haifungwi na dakika unapotolewa. Aliyebatizwa akiwa na umri wa mwezi mmoja anaweza kuja kuamini akiwa na miaka 30, na maji yale ya utotoni ndiyo yatakayomshuhudia.

Kuhusu uponyaji. Hapa hakuna mengi. Ukihitaji kuombewa utaelekezwa Yakobo 5, kwa wazee wa kanisa.

Nani, na maji gani. Waamini pamoja na watoto wao. Hoja ni ya agano: kama tohara ilivyokuwa kwa mtoto wa siku nane, ndivyo ubatizo (Wakolosai 2:11-12), na ahadi ya Matendo 2:39 ni "kwa ajili yenu, na kwa watoto wenu". Kunyunyiza au kumimina kunatosha.

Ukianguka. Unatubu kwa Mungu, unarudi kwenye ushirika. Muhuri haugongwi mara mbili.

Inamfaa nani. Mzazi anayemlea mtoto ndani ya kanisa bila kudai kwamba tayari ameokoka, na mtu ambaye amechoka kuuliza kama aliamini vya kutosha siku ile. Atakayeona ugumu ni yule anayetaka kuonyesha dakika: dhambi zangu ziliondoka hapa. Njia hii haitampa dakika hiyo majini.

Njia ya tatu: ubatizo wa aliyeamini

Wabaptisti, Wamenoniti, Wapentekoste na Waadventista Wasabato wako hapa, ingawa hawafanani.

Kuhusu dhambi. Jibu la wengi ni kwamba umesamehewa ulipotubu na kuamini, na maji yanatangaza lililokwisha kutendeka. Wana hoja nzito mbili. Mwizi msalabani aliahidiwa peponi bila kuloa, na watu wa nyumba ya Kornelio walimpokea Roho Mtakatifu kabla ya kubatizwa (Matendo 10). Ubatizo kwao ni mazishi ya Warumi 6: unashuka umekufa, unapanda kuishi. Nimesimama kando ya birika la ubatizo nikamwona mzee mmoja akishuka ngazi amejibana pua kwa vidole viwili, akazamishwa, akaibuka maji yakimtoka masikioni. Watu walisubiri aseme haleluya. Akauliza, "Tayari?" Tukacheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Katika njia hii jibu ni kwamba ilikuwa tayari hata kabla ya ngazi.

Angalia lakini: si wote wanaozamisha wanasema hivyo. Makanisa ya Kristo, yaliyotokana na vuguvugu la kina Alexander Campbell katika karne ya 19, hubatiza waliokwisha kuamini tu, na hapohapo hufundisha kwamba kuzamishwa ni kwa ajili ya ondoleo la dhambi, kama Matendo 2:38 inavyosomeka. Wapo pia Wapentekoste wanaobatiza kwa jina la Yesu pekee, na wengi wao wanauona ubatizo huo kuwa wa lazima kwa wokovu. Ukiona birika kubwa, usidhani umeshayajua mafundisho. Uliza.

Kuhusu uponyaji. Wapentekoste wanauzungumzia uponyaji kuliko wote niliowataja, lakini wakiwa kwenye mafundisho yao wenyewe wanauweka katika maombi, kuwekewa mikono na kupakwa mafuta. Mtu kupona siku ya ubatizo watamshukuru Mungu kwa hilo. Kulifanya kanuni ni kazi ya mhubiri mmoja mmoja.

Nani, na maji gani. Anayeweza kukiri imani kwa kinywa chake, na kwa walio wengi ni kwa maji mengi. Mtoto mchanga huombewa na kuwekwa wakfu. Njia hii imelipiwa kwa damu. Tarehe 21 Januari 1525, huko Zurich, kikundi kidogo kilibatizana upya kikiukana ubatizo wa utotoni. Januari 1527 mmoja wao, Felix Manz, akauawa kwa kuzamishwa katika mto Limmat. Aliyechagua adhabu ile alijua anamdhihaki nani. Na cha ajabu, ule ubatizo wa kwanza wa 1525 ulikuwa wa kumiminiwa. Kusisitiza maji mengi kulifuata baadaye.

Ukianguka. Toba yako na Mungu, kwa 1 Yohana 1:9. Baadhi hubatiza tena: Waadventista wana utaratibu huo kwa aliyeliacha kanisa waziwazi kisha akarudi.

Inamfaa nani. Mtu anayeijua siku aliyogeuka na anataka kuitangaza mbele za watu, pamoja na yule asiyekubali kuamuliwa na wengine. Haimkai vizuri mtu anayepima joto la imani yake kila asubuhi. Huyo nimemwona akibatizwa mara tatu, kila mara akiamini kwamba safari zilizopita hakuwa amemaanisha.

Wapo pia Wakristo wasiobatiza kwa maji kabisa: Waquaker, na Jeshi la Wokovu lililoacha kuadhimisha sakramenti mwaka 1883. Ukienda huko usishangae kukosa birika.

Kwa mgonjwa

Mahubiri ya uponyaji kwa maji mara nyingi huanza na Naamani, aliyejichovya mara saba katika Yordani akatakasika ukoma (2 Wafalme 5). Lakini Naamani hakubatizwa. Wala kipofu wa Yohana 9 aliyenawa Siloamu. Ni habari za uponyaji zenye maji ndani yake, na kuzigeuza kanuni ya ubatizo ni kuziongezea.

Mimi huipenda zaidi ile ya mlinzi wa gereza wa Filipi, Matendo 16:33. Usiku ule "akawaosha mapigo yao, kisha akabatizwa". Migongo ya Paulo na Sila ilikuwa imechanika kwa bakora, na iliuguzwa kama majeraha yanavyouguzwa, kwa maji na mkono wa mtu. Kisha yeye mwenyewe akaoshwa kile ambacho hakioshwi kwa kitambaa. Maosho mawili ndani ya saa moja, na Luka hakuyachanganya.

Baadaye watu waliyachanganya. Kuna hadithi ya kale kwamba Kaisari Konstantino alikuwa na ukoma, Papa Silvesta akambatiza na ukoma ukamtoka. Historia inasema vingine: alibatizwa mwaka 337 akiwa mgonjwa sana, na Eusebio wa Nikomedia, na siku chache baadaye akafa angali katika mavazi meupe ya ubatizo. Augustino naye anasimulia habari za rafiki yake aliyebatizwa akiwa hana fahamu kwa homa. Alipozinduka, Augustino alijaribu kuufanyia mzaha ubatizo ule, rafiki akamkemea vikali. Baada ya siku chache homa ikarudi, ikamuua. Ubatizo ulikuwa umemgusa. Homa ilikuwa na mwendo wake. Hata Timotheo, Mkristo wa kutosha, aliandikiwa na Paulo kuhusu tumbo lake na "magonjwa yakupatayo mara kwa mara".

Kwa hiyo kama unaumwa, batizwa kwa sababu unamwamini Kristo, na dawa zako za presha, kisukari au za kufubaza VVU endelea kuzimeza asubuhi ya ubatizo na jioni yake. Anayekudai uziache ili kuonyesha imani, hakuna Mkatoliki, Mlutheri, Mpresbiteri wala Mbaptisti anayemuunga mkono kwa katekisimu au ungamo lake. Kwa upande mwingine, usingizi uliorudi kwa mtu aliyekuwa analala na hatia ya miaka 15 sitauita jambo dogo. Njia zote tatu zinajua kisa cha namna hiyo.

Kulingana na hali yako

Mtu mzima, hujabatizwa, hatia inakulemea. Jiulize unataka kuambiwa nini ukitoka majini. Kama ni "umeoshwa", nenda kwa paroko au mchungaji wa Kilutheri ukaulize darasa linaanza lini. Kama tayari una amani na unataka kuitangaza, njia ya tatu itakuelewa haraka. Kokote uendako, uliza lile swali la nne kabla hujajiandikisha.

Mzazi. Njia mbili za kwanza zitambatiza mtoto, ya tatu itamwombea na kumsubiri. Kama wewe na mwenzi wako mmetoka makanisa tofauti, mlizungumze kabla mtoto hajazaliwa. Mkishaanza kulizungumza mbele ya mabibi wawili, halitakuwa tena suala la teolojia.

Ulibatizwa utotoni na unaitwa ubatizwe tena. Hapa pana kosa ambalo ni gumu kulirudisha. Kwa Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wapresbiteri, ubatizo wa maji kwa jina la Utatu haurudiwi, hata ukitolewa na kanisa jingine. Tamko la Lima la mwaka 1982 la Baraza la Makanisa Ulimwenguni nalo linataka kila kinachofanana na kubatiza upya kiepukwe. Upande wa pili husema harudii: kwake yale ya kwanza hayakuwa ubatizo, na huonyesha wanafunzi wa Efeso katika Matendo 19, waliokuwa na ubatizo wa Yohana kisha wakabatizwa kwa jina la Yesu. Kama unahama kanisa kwa dhati, kubali masharti ya unakohamia. Kama huhami na umechoka tu kiroho, yapo marudio ya ahadi za ubatizo, ipo toba, na hakuna anayekulazimisha uingie majini.

Hujui kama uliwahi kubatizwa. Wazazi wamefariki, cheti hakuna. Wakatoliki wana ubatizo wa sharti, "kama hujabatizwa, nakubatiza". Njia ya tatu itakubatiza bila kusumbuka na cheti.

Uko kitandani na muda ni mfupi. Mwite yeyote wa kanisa unaloliamini. Katika njia ya kwanza hata muuguzi wa zamu aweza kukubatiza kwa maji ya kikombe. Katika nyingine mbili watakukumbusha yule mwizi msalabani, ambaye mikono yake ilikuwa imefungwa na hakuna aliyemletea maji.